Jina Haliazimwi

Printa ndiyo iliyoniponza. Fundi wetu wa kompyuta alipata viza ya Kanada, akaaga asubuhi, na jioni alikuwa hayupo. Mkurugenzi akatupitishia macho ofisi nzima akauliza nani anajua mambo ya mashine. Wote wakanigeukia mimi, eti kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikichomoa karatasi zinazokwama kwenye printa. Nikamwambia, "Shefu, printa na seva ni vitu viwili." Akajibu, "Yote si inakula umeme?" Basi, nikawa msimamizi wa mfumo. Mshahara ulibaki ule ule, lakini hilo nisilianze, nitakasirika bure.

Ofisi yetu ilikuwa ya wakala wa kutoa mizigo, hatua chache kutoka lango la bandari ya Bujumbura. Meli ikifika kutoka Kigoma, sisi ndio tuliokimbia na karatasi za wateja mpaka mzigo utoke. Kazi yote ilipita kwenye seva moja iliyofungiwa chumba cha nyuma, chumba pekee chenye baridi ya kueleweka. Kila mfanyakazi alikuwa na jina lake na neno lake la siri, anaingia kutoka meza yoyote anayoikuta wazi, anafanya yake, anatoka. Ndivyo ilivyopangwa. Ndivyo alivyoiacha yule wa Kanada, kwenye karatasi.

Nilijifunza kwa hasira. Fundi yule alikuwa ameniachia kozi ya kompyuta kwa Kifaransa, iliyochapwa pande mbili, wino umefifia, na kioo cheusi kisichokuwa na picha hata moja. Unaandika amri, kimya. Ukikosea, inakujibu kwa jeuri. Ukipatia, haisemi kitu, wala asante. Nilizoea polepole: namna ya kumfungulia mtu akaunti, kumpangia asome nini na asiguse nini, kuangalia nani yuko ndani. Na nikajifunza kuhusu root. Root ndiye mwenye nyumba. Wengine wote wana mipaka, yeye hana. Anaweza kufungua faili la yeyote, kufuta chochote, hata kugeuka kuwa mtu mwingine yeyote kwenye mfumo bila kuulizwa neno la siri. Mkurugenzi aliposikia hivyo alinitaka nimwandikie neno la root na kumpa mkononi. "Nyumba ni yangu," alisema, "funguo zote zije kwangu." Ni bosi, nikampa.

Wiki zile za kwanza niliaibika vizuri sana. Siku moja nilitaka kufunga folda moja tu ya zamani, kumbe ndani ya mfumo nimesimama mahali pengine, nikaifunga ofisi nzima. Watu wote, nikiwemo mimi, hakuna aliyeweza kufungua hata barua yake mwenyewe. Wateja wamejaa kaunta, wanapiga kelele, na mimi natokwa na jasho ndani ya chumba cha baridi. Mhasibu alipita mlangoni akasema, "Rubani wetu katuangusha, tuombe Mungu tumeangukia majani." Walicheka mpaka mchana. Kwa mwezi mzima nikiingia ofisini mtu anajifunga mkanda wa kiti cha ndege. Nilitamani kuwapiga na kibodi.

Aliyenitetea siku ile alikuwa mama mmoja tuliyemwita mama wa bon. Bon ni ile ruhusa ya mwisho ya mzigo kutoka bandarini; bila hiyo lori haliwashi moto. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kabla hata hatujapata kompyuta. Alikuwa mjane, anaishi mtaa wa Mutakura na wajukuu wake watatu ambao mama yao alikufa, na mshahara wake ndio uliokuwa mshahara pekee wa nyumba ile. Sote tulijua. Kila mchana alifungua chombo chake cha ndagala, wale dagaa wa ziwani, na maharagwe akanisogezea upande wangu, kwa kuwa mimi ni wa mtaa wa Nyakabiga na kwa maoni yake wasichana wa Nyakabiga hawajui kupika. Siku ya aibu yangu aliwaambia wale waliokuwa wakicheka, "Muacheni mutoto. Nyinyi wote mulizaliwa munajua?" Wakaacha. Mama yule alikuwa akisema, watu wanaacha.

Sasa nieleze ugonjwa wa ofisi yetu, maana yote yalitokea humo. Kwetu mtu anayejifungia chake anaitwa mnyimi, na hakuna tusi baya kuliko hilo. Kwenye sherehe pombe ya mtama inakaa kwenye chungu kimoja, mirija mingi, na ukiombwa mrija wako unautoa. Ofisini walikuwa hivyo hivyo na maneno ya siri. Mtu akipata kilio, kwa sababu hakuna mwezi usio na kilio, anakwenda kuzika, na wenzake wanaingia kwa jina lake wanamfanyia kazi yake, ili siku yake isikatwe na wateja wasilalamike. Hakuna aliyeliona kuwa kosa. Lilikuwa jambo jema, na kusema kweli mpaka leo moyo wangu haukatai kwamba lilikuwa jema.

Lakini kozi yangu ilisema vingine, na mimi nilikuwa na moto wa mwanafunzi. Nikabadilisha maneno ya siri ya watu wote, nikampa kila mtu lake kwa kumnong'oneza, nikasimama katikati ya ofisi nikahubiri. "Jina haliazimwi," nikasema. "Mashine haikuoni we. Inaona jina tu. Mtu akiingia na jina lako akaua, umeua we." Halafu yule mama akauliza taratibu, "Na mi nikienda ku kilio, kazi yangu nani ataifanya? We?" Nikasema, "Itangoja." Akatikisa kichwa. "Mutoto wangu, mi ni wa bon. Lori haingoji." Ilipofika saa ya chai, walikuwa wamekaa barazani wanaambiana maneno yao ya siri kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, wanacheka kama wako harusini. Nilikasirika, nikaenda kukaa na seva yangu.

Kisha kaka yake yule mama akafa. Alikuwa wa mwisho aliyembakia kwa baba na mama, na walimzika kwao, huko juu milimani. Mafuta yalikuwa hayapatikani mjini, lakini mkurugenzi alitafuta mpaka akapata ya kujaza basi dogo, na nusu ya ofisi tulikwenda. Nilikuwepo. Nilimwona yule mama akitupa udongo, nikamshika mkono. Mkurugenzi mwenyewe alisimama akatoa neno kwa niaba ya kazi, akamtaja kuwa nguzo ya nyumba yetu, watu wakampigia makofi yale ya heshima. Tulirudi jioni. Yeye alibaki huko siku kadhaa za matanga.

Aliporudi kazini na kitambaa chake cha msiba, bandari ilikuwa inawaka. Shehena ya mafuta ya kupikia, iliyokuwa imezuiwa mpaka wakaguzi waifungue, ilikuwa imetoka na bon yetu. Ushuru haujalipwa, mwenye mzigo simu haipatikani, malori yako upande wa Kongo. Wakubwa wa bandari wakamwambia mkurugenzi: tuletee jina kabla ya wiki kuisha, au tunafunga ofisi. Akaniita, akafunga mlango.

"Mashini inasema nani?"

Nilitazama kumbukumbu za seva. Nilijua kabla sijatazama. Bon ilikuwa imetolewa na jina la yule mama, siku ya mazishi, saa ile tuliyokuwa makaburini.

"Inasema jina lake," nikamjibu. "Lakini Shefu, siku ile tulikuwa naye! We ulisimama ukasema maneno!"

"Sikukuuliza alikuwa wapi. Nimeuliza mashini inasema nani."

Nilirudi kuchimba. Kumbukumbu ilionyesha pia meza iliyotumika: ile ya dirishani, chini ya feni, ambayo kila mtu aliigombea kwa sababu ya joto. Siku ile waliobaki ofisini wote waliikalia kwa zamu. Nikawaendea mmoja mmoja. Nilianza kwa upole, nikamaliza kwa kufoka. Mmoja alisema alikuwa kaunta. Mwingine alisema yeye hata hakumbuki siku ile. Mhasibu akaniambia, "Dada, lisemwalo lipo," akageuza macho kwenye karatasi zake. Lipo nini? Ebo! Mtu mzima na elimu yake! Mmoja wao aliitoa ile bon. Labda kwa kuhongwa, labda kwa kumsaidia tu mama wa watu na kilio chake, akabonyeza bila kusoma. Mpaka leo sijui. Kioo cheusi kinajua jina na meza, basi.

Kikao kilifanywa mbele yetu sote, na mtu wa bandari akiwa ameketi pembeni na kofia yake magotini. Yule mama alisimama. Hakulia. "Mi nilikuwa ku kaburi ya kaka yangu," alisema. "Si mi. Mutu aliingia na jina yangu. Nyinyi mulikuwa huko na mi." Akatutazama, akipita uso kwa uso.

Nikanyoosha mkono nikaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kirundi, kwamba jina si mtu, kwamba wote tunajuana maneno ya siri, kwamba mimi mwenyewe nililijua lake. Niliwageukia wenzangu, "Semeni basi! Si mlikuwa mnaambiana hapo barazani?" Hakuna aliyekohoa. Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu ile ile: nikisema niliingia kwa majina ya watu, nitaulizwa niliingia siku gani. Na jina lisipopatikana, wote nyumbani. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ilikuwa kinyume: ambaye hakuwepo ndiye aliyebebeshwa lote.

Mtu wa bandari akauliza kwa adabu kabisa, "Madamu, kuna mashini ingine inaonyesha alikuwa kaburini?" Nikasema mashine hakuna, kuna watu. Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Siku ya pili mkurugenzi alinipa cheti ili nikitie saini. Alikuwa amekiandika mwenyewe, kwa Kifaransa kizuri: kwamba mimi, msimamizi wa mfumo, nathibitisha kuwa akaunti iliyotoa bon ni ya mama fulani, na kwamba kila mtumiaji ana neno la siri ambalo mwingine yeyote halijui.

"La kwanza kweli," nikasema. "La pili uongo mtupu."

"La pili njo kazi yako. Si ulilipwa kuhakikisha ivyo?"

"Sisaini."

Hakupandisha sauti, na nilimwogopa zaidi kwa sababu hiyo. "Hapa kuna watu wengi wanakula kwa hii buro, hii ofisi," alisema. "We una hasira za kitoto. Kesho usikuje, pumzika, rudi siku ya kwanza." Siku ya kwanza ndiyo Jumatatu. Nilitoka, na haki ya Mungu, nilijisikia mshindi. Nilisema moyoni, bila saini yangu hawana kitu.

Siku ile ya kupumzika nilifua. Nilianika nguo uani kwetu Nyakabiga, nikazozana na jirani juu ya kamba, nikapika. Niliwaza namna nitakavyokwenda mwenyewe kwa watu wa bandari kueleza.

Jumatatu nilikuta meza ya yule mama tupu. Walikuwa wamemchukua Jumamosi asubuhi, nyumbani, mbele ya wajukuu. Nikauliza kwa ushahidi gani, na mhasibu akashangaa kweli. "Si cheti chako?"

Kilikuwa kimetumwa Ijumaa, kutoka akaunti yangu, na jina langu chini. Maneno yale yale ya mkurugenzi, hata nukta hazikubadilishwa. Nilikimbilia chumba cha seva, nikafungua kumbukumbu, na mstari ulikuwa pale, hauna aibu: saa ile nilipokuwa naanika shuka, root aliketi kwenye kibodi ya seva yenyewe, akageuka kuwa mimi.

Nilichapa ule mstari nikauweka mbele ya mkurugenzi. Aliusoma kwa makini, akauliza, "Root ni nani hapa?"

"Ni msimamizi."

"Na musimamizi ni nani?"

Nikautazama ule mstari tena.

"Bon," akasema, ile ya Kifaransa, yaani basi, akanirudishia karatasi yangu.

Niliipeleka polisi hata hivyo. Askari aliyenipokea hakuwa mtu mbaya. Aliigeuza juu chini, akaniuliza hiyo ni lugha gani, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa nakala ya cheti kwenye faili akaiweka kando ya karatasi yangu. "Madamu, hii iko na jina yako inasema ivi. Hii ingine we mwenyewe unasema vile. Mi nishike gani?" Nikamwambia ashike ya kwangu. "Zote ni za kwako," akasema, na hakuwa anafanya mzaha.

Kazini waliniambia nifute akaunti yake. Sikufuta, na siku hiyo hiyo na mimi nikawa sina kazi. Nasikia aliyekuja baada yangu aliifuta kabla ya chai.

Yule mama alikaa kasho, mahabusu ya polisi, wiki nyingi, mpaka ndugu zake wakauza kiwanja cha marehemu kaka yake wakamtoa. Kazi ilikuwa imekwisha, na hakuna wakala mwingine bandarini aliyethubutu kumpokea. Nilichelewa kumwendea. Kila nikitaka kupanda kwenda Mutakura nilijiuliza nitaanza na neno gani. Mwishowe nilinunua kilo ya sukari na sabuni, nikaenda mchana.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kitenge. Mjukuu mkubwa, ambaye alipaswa kuwa shuleni saa ile, alikuwa anauza mkaa kwa mafungu barazani. Alinikaribisha, akanipa kiti, akauliza mama yangu hajambo. Nilijibu yote. Kisha nikashindwa kuvumilia.

"Mama, kile cheti. Si mimi nilikiandika. Nakuapia. Nilikataa kusaini, na siku ile sikuwepo hata ofisini, nilikuwa nyumbani nafua. Mtu aliingia akakituma kwa jina langu."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa. Mimi nilikuwa nalia tayari, nalia vibaya, makamasi na yote, na nilikuwa namngojea anitukane. Ningepumua kama angenitukana.

"Nyamaza mwanangu," akasema. "Nakuamini."

Nikainua kichwa.

"Na mi ku ile kikao wote waliniamini," akasema, akaupepeta ule ungo.